Mabega Yangu na Kisanduku cha Hortense

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mabega yanawaka moto! Nimepasua mgonjwa wa ngiri mikono ikiwa juu kama ninaanika nguo. Kosa ni la Dokta Sylvie, mrefu kuliko nguzo za umeme wa bwawa la Koni. Tunapasua pamoja, na meza inapandishwa kwa kimo chake ili mgongo wake usiume. Mfupi asimame juu ya kisanduku, mkurugenzi amesema. Minye, mimi huyu? Mbele ya wauguzi? Thubutu! Na Ijumaa mkurugenzi anachagua mkuu wa upasuaji. Mtu wa kulialia mwili hampi cheo.

Jumanne, 4 Februari
Nimewahi kabla ya wote, nikashusha meza hadi kitovuni mwangu. Sylvie akainama asubuhi nzima, akatoka ameshika kiuno. Raha! Lakini akashtaki. Sasa muuguzi Mama Hortense analinda meza. Akaniambia, Papa Dokta, kisanduku hakiumi. Nani alimuuliza?

Jumatano, 5 Februari
Fundi wa sokoni amebandika soli za tairi chini ya viatu vyangu. Nikawa mrefu! Kisha nikateleza, nikamkumbatia mzee aliyengojea sindano ya usingizi. Akauliza kama na mimi ninaogopa. Aibu gani hii!
Jioni siwezi kuinua mkono nichane nywele. Mke wangu Clémentine anasema baridi ya sakafu inapanda mwilini, nivae soksi za sufu.

Alhamisi, 6 Februari
Muujiza! Soksi za sufu, na mabega kimya. Viwiko vimetulia ubavuni. Nikamtazama Sylvie macho kwa macho. Kumbe soksi zinarefusha mtu? Sielewi. Nilipomaliza nikarudi nyuma, nikakanyaga hewa. Ekié! Hortense akasema yeye ndiye aliyesukuma kisanduku chini ya miguu yangu nikiwa nimeshughulika. Wivu tu. Anazionea soksi zangu.

Ijumaa, 7 Februari
Mimi ni mkuu! Sylvie mwenyewe ameniombea kwa mkurugenzi, eti jana nilipasua kama kijana. Nikaona haya kidogo. Ikapita.
Amri yangu ya kwanza: kisanduku kitolewe, wapewe walinzi wa mlangoni wakalie.
Mchana nikapasua. Mabega moto! Shingo moto! Nimechanganyikiwa kabisa. Meza ile ile, Sylvie yule yule, soksi zile zile. Nimefika nyumbani nikamhoji Clémentine. Amekiri: jana usiku alizifua.
Basi, nimeelewa. Kuanzia leo soksi za mkuu hazifuliwi.