Boti ya Kamati na Pistoni Yangu

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimepata kazi kubwa kuliko zote. Mzee Liévin, mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu, amekuja kwenye kibanda changu cha kuziba tairi hapa Bunia, mtaa wa Nyakasanza, na boti imekunjwa juu ya mkokoteni. Ile ya kujazwa hewa. Zawadi ya wazungu fulani. Imelala miaka miwili chini ya mabati ya moto, na gundi ya mishono imechoka. Ukipampu mbele, hewa inatokea nyuma.

Kamati inataka kuvuka ziwa Jumapili hadi Ntoroko, Uganda, ikawaambie wakimbizi kwamba Bunia imetulia. Akiwa katikati ya maelezo, risasi mbili zililia upande wa mtaa wa Lumumba. Mzee aliinamisha kichwa, kisha akaendelea na utulivu wake.

Mimi nilisikia Ntoroko tu. Adeline wangu yuko huko. Alikimbia na watoto wetu wawili mwezi wa kwanza, mimi nikabaki kulinda kibanda. Wiki saba sijawaona, na nyumba imekuwa kimya hadi inaniudhi. Wanawake wanapita ufukweni. Mwanaume akifika, askari wanamuuliza ni wa upande gani, na jibu zuri halipo. Lakini Kamati ina ordre de mission, hati ya safari yenye mihuri minne. Nikasema nitaziba, na malipo yangu ni kiti kimoja. Mzee akakubali upesi mno. Nadhani hakuwa na nia ya kulipa hata hivyo.

Jumanne, 6 Machi

Ndani ya boti kuna mkebe wa gundi na karatasi ya maelezo. Athanase, fundi viatu wa jirani, ameisoma bila kuombwa. Eti toa gundi yote ya zamani, kwaruza, paka mara mbili, ngoja, bana, halafu usijaze hewa siku nzima. Akataka kunisaidia. Nikamjibu kwamba sijaona kiatu kikivuka ziwa. Amenuna. Anakitaka kiti changu, huyo.

Mchana nilienda kwa Bibiane, mwenye fonie, redio ya kuongea na watu wa mbali. Aliita Ntoroko, nikamwachia Adeline ujumbe kwamba Jumapili nakuja na boti niliyoziba kwa mikono yangu mwenyewe. Kwenye fonie kila mwenye redio kandokando ya ziwa anasikia. Nilisema polepole ili wasikie vizuri.

Jumatano, 7 Machi

Kungoja siku nzima ni kazi ya watu wasio na moto. Mimi naziba kama tunavyoziba hapa: kiraka, pistoni ya pikipiki juu yake, petroli kidogo ndani ya pistoni, kiberiti. Dakika kumi, mpira umeshikana na mpira. Malori yanayopanda Kpandroma yanatembea kwa pistoni yangu.

Kumbe boti si ya mpira. Ni plastiki! Pistoni ilizama kama kijiko kwenye uji. Nilipoinyanyua palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na harufu ikawatoa majirani ndani ya nyumba zao.

Nimefunika kwa kiraka kikubwa. Ukisimama mbali, huoni kitu.

Alhamisi, 8 Machi

Athanase ameomba walau mshono wa kushoto. Nimempa ili aaibike. Amekwaruza asubuhi nzima, akapaka, akakaa. Anaitazama gundi ikauke, basi. Na mshahara hana. Mimi nimemaliza upande wa kulia kwa gundi ya baiskeli kabla hajapaka mara ya pili.

Ijumaa, 9 Machi

Majaribio, mto Nyamukau. Mzee Liévin aliingia na tai shingoni, akaanza hotuba ya utulivu akiwa amekaa botini. Mshono wangu ukapasuka kwa mlio mkubwa. Watu wote wa ukingoni walilala kifudifudi. Walipoinua vichwa, mwenyekiti alikuwa ameketi ndani ya maji ya kiuno, ameshikilia karatasi zake juu.

Upande wa Athanase umebaki umejaa. Nikaeleza kwamba hapo ndipo penye kosa: upande wake mgumu mno, umesukuma hewa yote kwangu. Hawakuelewa.

Nimefika nyumbani nikalia. Jumapili hakuna Ntoroko. Binti yangu Mireille atasimama ufukweni, na baba hatamwona.

Jumamosi, 10 Machi

Adeline yuko hapa! Ameshuka kwenye lori la samaki kutoka Kasenyi, ufuko wa upande wetu wa ziwa, na watoto wote wawili na sufuria tatu. Nilimshika Mireille hadi akalalamika.

Mzee Liévin alifika mbio na daftari. Akamuuliza mbele ya watu kilichomrudisha, kama ni utulivu. Adeline akamjibu: "Nilirudi sababu ya huyu. Alisema mu fonie iko anakuja na boti aliziba yeye mwenyewe. Siye wote tulisikia. Miye namujua huyu muntu. Nikaona heri masasi ya askari kuliko ile boti yake."

Mzee ameandika: mkimbizi wa kwanza amerejea, matunda ya Kamati.

Kisha Adeline akanivuta kando. "Uniapie, Baba Mireille. Ile boti, hapana." Nikaapa. Sijawahi kufurahi hivi tangu vita vianze.

Jumapili, 11 Machi

Mzee alipita baada ya misa. Safari itakuwa Jumapili ijayo. Anataka kuwaonyesha wakimbizi wa Ntoroko familia iliyorudi Bunia, wamwone mama na watoto kwa macho yao. Boti alitaka kumpa Athanase aizibe. Nikamweleza kwamba kosa nimeligundua: pistoni ilikuwa ndogo. Nimeshaazima ya lori.

Safari hii nimedai viti vinne. Majina yameandikwa na kupigwa mihuri yote: mimi, Adeline, watoto wawili. Adeline nitamwambia tukifika ufukweni.