Bwana Kanuni na Nyaya za Ghorofa ya Tatu

Mtu anayebishana na muuza duka robo saa nzima juu ya bei ya balbu moja, na huku ana jengo zima la ghorofa nne, ni mtu wa kutazamwa vizuri. Bwana Kanuni alimtazama vizuri. Alikuwa amesimama pembeni akijifanya anachagua betri, na kila balbu ile iliporudishwa kaunta kwa hasira, moyo wake ulizidi kuchangamka. Mfujaji hana kitu cha kuibiwa. Bahili anacho, na halali usingizi kwa kuogopa kukipoteza.

Jina la Kanuni hakupewa na mama yake. Alipewa na wajanja wenzake, kwa sababu hakuweza kusema maneno matatu bila kutaja kanuni fulani, kifungu fulani, aya fulani, vyote alivyovitunga mwenyewe akiwa anaoga. Kazi yake ilikuwa kukagua umeme kwenye majengo ya biashara, na kazi hiyo ilikuwa na dosari moja ndogo: hakuna aliyemtuma. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, koti linalong'aa, ubao wa kubania karatasi, na testa ya kupimia umeme. Testa yenyewe ilikuwa na kitufe kitakoni. Ukikibonyeza inalia, hata ukiigusisha kwenye mkate. Kwa vifaa hivyo alikuwa amekagua majengo kumi na manne, na yote, tusikitike pamoja, yalikutwa na makosa. Wenyewe walitoa chai nono ili makosa yasahaulike. Chai hizo alizitunza zote. Alikuwa amebakiza jengo moja tu, kisha aache kazi afungue duka la viatu, awe mtu wa kuamkiwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa yule bahili.

"Ukaguzi," alisema, bila salamu, maana serikali haisalimii.

Mwenye jengo alibadilika rangi. "Ukaguzi wa nini tena, bwana mkubwa?"

"Kanuni ya kumi na nne, kifungu cha pili. Jengo lenye wapangaji wa biashara likikutwa na nyaya mbovu, linafungwa. Wapangaji wanaondoka. Kodi inakatika."

Hayo ya kodi ndiyo yaliyompiga. Mwenye jengo alishika ukuta, akaita kwa sauti ya mgonjwa: "Shangazi! Shangazi, njoo umtembeze mgeni!"

Alitokea mama wa makamo, mnene kiasi, kanga kiunoni na bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Ndiye fundi umeme wa jengo, na wapangaji wote walimwita Shangazi. Alimwangalia Bwana Kanuni kuanzia kofia hadi viatu, akasema tu, "Karibu, mkaguzi. Tuanzie chini."

Walianzia chini. Penye swichi kuu Bwana Kanuni alichomoa testa, akaigusisha kwenye kisanduku, ikalia. Akatikisa kichwa, akaandika. Ghorofa ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Walipofika kwenye ngazi za kwenda ya tatu, Shangazi alisimama, akageuka.

"Mwanangu," alisema polepole, "mkaguzi wa kweli hapimi kitu kabla hajapima testa yake. Anaigusisha kwanza kwenye soketi anayoijua ina umeme, aone inafanya kazi. Anapima anachopima. Halafu anarudi kuigusisha palepale, asije akawa amedanganywa na testa mbovu. Ni desturi yetu, hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anaijua. Wewe umeichomoa mfukoni kama peremende."

Bwana Kanuni alihesabu ngazi zilizobaki kushuka hadi mlangoni. Zilikuwa nyingi.

"Usikimbie," Shangazi akasema. "Ningetaka kukuumbua ningekuumbua chini. Njoo uone kitu."

Ghorofa ya tatu ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye mafundi cherehani ishirini na wawili, kila mmoja na mashine ya umeme, na pasi nne zikifuka mvuke. Vyote hivyo vilinyonya kwenye waya mmoja uliotandazwa zamani kwa ajili ya taa. Shangazi alifungua kisanduku cha ukutani. Mahali pa fyuzi palikuwa na msumari.

"Mwenye jengo alichoka kununua fyuzi," alisema. "Fyuzi ikikatika inakuokoa. Msumari haukatiki, nyumba ndiyo inayowaka. Gusa huo ukuta."

Bwana Kanuni akagusa. Ukuta ulikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

"Yule wa dirishani ni binti yangu. Miaka mitatu namwambia mzee, ananijibu mbona moto haujawaka. Mimi ni fundi wake tu, hanisikii. Wewe una kofia."

"Kwa hiyo unataka nini, Shangazi?"

"Nakuonea huruma. Umekuja kuomba chai, na hapa pana mchele wa pilau. Mwambie mzee jengo litafungwa mpaka ghorofa hii itandazwe nyaya upya: laini sita badala ya moja, breka ya kujikata kila laini, waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini kila soketi. Kazi ifanywe na kampuni yako. Mwandikie bei mara tatu. Vifaa tununue sisi, tufunge sisi, faida tugawane."

Bwana Kanuni alihisi duka la viatu likiongezeka mlango wa pili. Binti wa dirishani alishamtoka akilini kabla hajafika chini.

Ofisini kwa mwenye jengo alizungumza kama mtu aliyezaliwa ndani ya swichi. Safari hii hakuhitaji kutunga, makosa yalikuwa ya kweli, na ukweli, aligundua kwa mshangao, unatisha kuliko uongo. Mwenye jengo alitokwa na jasho. Lakini mkono wa birika ni mkono wa birika.

"Nitalipa," alisema, "bei yote hiyo uliyoandika. Ila sitoi hata senti kabla kazi haijaisha na kukaguliwa."

Bwana Kanuni nusura acheke. Na nani wa kukagua, kama si yeye? Akakubali, akagonga muhuri wake wa kughushi kwenye karatasi ya bei.

Siku ile ile alitoa akiba yake. Nyaya zilikuwa ghali kuliko alivyodhani. Breka nazo. Shangazi alikataa nyaya nyembamba za bei rahisi. "Kanuni," alimwambia dukani, na kwa mara ya kwanza kijana wetu alisikia neno hilo likimrudia mwenyewe. Chai za majengo kumi na manne zikageuka mizigo ya waya mwekundu, mweusi na wa kijani. Na kwa kuwa kumlipa kibarua ni kupunguza faida, kibarua akawa yeye. Siku sita alitambaa kwenye dari, akavuta nyaya ndani ya paipu, akala vumbi, akapigwa vidole na Shangazi kila alipokaza skrubu ovyo.

"Kaza tena. Skrubu iliyolegea inapika waya."

"Si imekaza?"

"Imekaza kwa macho. Kaza kwa mkono."

Siku ya saba alinawa, akavaa koti lake linalong'aa, akaandaa hati ya malipo, akapanda ghorofa ya tatu kwenda kukagua kazi yake mwenyewe. Alimkuta mwenye jengo, alimkuta Shangazi, na alimkuta mtu mfupi mwenye miwani, shati la kawaida, asiye na kofia yoyote. Mtu yule alitoa testa kwenye begi. Akaigusisha kwenye soketi. Akapima kisanduku kipya, laini moja baada ya nyingine. Kisha akarudi kuigusisha kwenye ile soketi ya mwanzo.

Bwana Kanuni aliikunja hati ya malipo, akaificha ndani ya koti.

"Nilipeleka maombi kwenye ofisi ya wakaguzi," Shangazi alisema kwa upole. "Kazi haipiti mpaka isainiwe na mkaguzi mwenyewe."

Yule wa miwani aliinua macho, akaliona koti. "Na huyu ni nani?"

"Si ndiye mkagu..." mwenye jengo alianza.

"Kibarua!" Bwana Kanuni alidakia. "Kibarua wa Shangazi. Navuta nyaya."

"Na ile karatasi yako ya malipo?" mwenye jengo akauliza.

"Karatasi ipi, mzee?"

Mwenye jengo alimtazama yeye, akamtazama mkaguzi, akaelewa nusu, na hiyo nusu ilimtosha. Katika maisha yake hakuwahi kudai kuonyeshwa deni ambalo mdai mwenyewe amelisahau. Akashuka ngazi akipiga mluzi.

Mkaguzi alisaini, akaamuru vyote viwashwe. Mashine ishirini na mbili zikanguruma kwa pamoja, pasi nne zikapata moto, na taa hazikufifia hata kidogo. Shangazi aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale. Ukuta ulikuwa baridi. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha.

Bwana Kanuni alisubiri mkaguzi aondoke. "Shangazi," alinong'ona, "na pesa zangu?"

"Zimo humo ukutani, mwanangu. Zinafanya kazi."

"Umeniibia!"

"Nenda ukashtaki. Nikusindikize?" Alimpangusa vumbi begani kama mama anayemtuma mtoto shule. "Usijisikie mnyonge. Wewe ni wa tatu. Wa kwanza ndiye aliyenunua swichi kuu. Wa pili alilipia king'ora cha moto na taa za dharura, na alikuwa mvivu, hakukaza skrubu hata moja. Wewe mkono unao. Na ukimwona mwenzako wa kazi yenu, mwelekeze huku. Lifti bado."

Bwana Kanuni alishuka ngazi tatu, akasimama. Alimjua mmoja, mwenye kofia nyeupe na akiba nene, ambaye mwaka jana alimpora jengo moja nono mchana kweupe.

Akapanda tena.

"Shangazi," alisema, akifungua ubao wake wa karatasi, "hebu nieleze taratibu. Hiyo lifti ina makosa gani?"