Bwana Muhuri na Sanduku la Misingi

Jumatatu, 3 Machi

Uzito wangu asubuhi, kwa mizani namba nne ya karakana: kilo 63 na gramu 200. Nauandika kwa kuwa nina hakika utapungua.

Mkurugenzi amerudi kutoka semina. Alitukusanya wote kumi na saba, kati ya mizani za wachinjaji na zile za zahanati, akatangaza kwamba kampuni ya kutengeneza na kuhakiki mizani haiwezi kuishi kwa mizani peke yake. Lazima iwe na misingi! Na misingi haitatungwa, itachimbuliwa. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi tendo jema aliloona mwenzake akilitenda kazini, akitumbukize sandukuni; vikaratasi havina kikomo. Jumatatu ijayo vitasomwa hadharani. Matendo hayo ndiyo yatakayozaa misingi, na atakayetajwa mara nyingi zaidi atakuwa Mlezi wa Misingi. Cheo kipya. Chumba chenye dirisha.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba huenda mvua ikanyesha, akaongeza kuwa mwisho wa mwezi Chumba cha Vyeti kitafungwa. Vyeti vitatolewa na kompyuta.

Chumba cha Vyeti ni mimi. Miaka kumi na tisa! Hakuna mizani iliyotoka hapa bila cheti chenye muhuri wangu. Hata jina langu wamelisahau, huniita Muhuri. Hesabu basi ni rahisi: ama Mlezi wa Misingi, ama mtaani.

Mpinzani ni mmoja: Fundi Mkuu, aitwaye Gramu kwa kuwa hudai kiganja chake hupima kuliko chuma. Kila mtu anampenda, kwa sababu ambayo sijaweza kuithibitisha. Lakini Gramu na kalamu ni paka na maji. Nikanyoosha mkono. Nikapendekeza, kwa ajili ya usafi wa zoezi, kwamba neno la mdomo lisihesabiwe kabisa: kisichoandikwa hakikutokea. Mkurugenzi alilipenda pendekezo hilo papo hapo. Gramu akanung'unika kwamba Muhuri angetaka hata chafya iandikiwe barua. Wakacheka.

Wacheke.

Jumanne, 4 Machi

Kilo 62 na gramu 700. Nilisema.

Sanduku limewekwa juu ya meza nje ya mlango wa Mkurugenzi, mkabala na mlango wangu. Nimelitazama tangu saa mbili. Watu tisa wametumbukiza, hakuna aliyenitazama. Dalili mbaya. Wa kumi, mhasibu, alinitazama akatabasamu. Dalili mbaya zaidi.

Nyumbani sijasema lolote kuhusu kufungwa kwa chumba. Nimetaja tu kwamba kuna mashindano ya matendo mema. Mama mkwe, ambaye husikia vizuri yale tu yasiyomhusu, aliacha kuchambua mchele akaniambia, "Chema chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza." Namheshimu. Lakini methali hiyo ilitungwa na mtu asiyekuwa na mpinzani.

Mke wangu ameuliza mbona nimeikunja leso yangu mara nane. Nimesema ni joto.

Jumatano, 5 Machi

Kilo 62 na gramu 100.

Nimetenda. Wenzangu walipokwenda kula mchana, nilijifungia nikaandika vikaratasi kumi na kimoja vya kunisifu. Kumi na moja, kwa kuwa kumi kamili hutia shaka. Kalamu tatu, miandiko kumi na mmoja: ya kulala, ya kusimama, miwili ya mkono wa kushoto. Huu si uongo. Ni kumbukumbu zilizochelewa. Kimojawapo kinaeleza jinsi Muhuri alivyombebea mteja mzee mizani hadi barabarani. Sikumbuki kufanya hivyo, lakini mtu wa tabia yangu angeweza. Nimevitoboa tundu pembeni na kuvipa namba, MS/01 hadi MS/11, kama ilivyo ada. Karatasi isiyo na namba ni takataka.

Nilipofika kwenye sanduku, moyo ukienda mbio (mapigo mia moja na nne kwa dakika), nikaona kikaratasi kimekwama mdomoni mwake. Kina alama ya kidole chenye grisi. Gramu! Nilichukua kibanio cha kushikia mawe madogo ya mizani, nikakivuta. Kiliandikwa hivi: "Muhuri ni jiwe. Mbembeleze, mtukane, hasogei. Alitusumbua wote siku ile ya mizani ya muuza nafaka."

Jiwe! Alitusumbua! Mtu asiyeandika hata orodha ya vipuri amejifunza kuandika ili anitukane!

Nikakichana vipande vinane vilivyo sawa. Sikuvitupa, maana mimi si mtu wa kuharibu nyaraka za kampuni. Nimevitia kwenye bahasha, na juu yake nimeandika: "Kimeondolewa sandukuni na M., Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana." Iko mfuko wa ndani wa koti; vikaratasi vyangu viko sandukuni.

Alhamisi, 6 Machi

Kilo 61 na gramu 500.

Gramu amenisalimia kwa heshima. Kwa nini? Ameniuliza kama nalala, eti nimekuwa kama mshale wa mizani iliyogongwa. Kisha akanipiga bega, akasema nisiwe na wasiwasi, kuna watu wanaona, mzee. Kitisho. Dhahiri kabisa.

Jioni mke wangu ameona wino kwenye mkono wangu wa kushoto. Ametaka kujua tangu lini naandika kwa huo. Nikasema ni wino wa muhuri. Akajibu kwamba muhuri wangu ni mwekundu na huu wino ni wa buluu, na kwamba nikidanganya masikio hupanda. Kumbe habari za Chumba cha Vyeti anazo tangu Jumatatu; mke wa mhasibu alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Wakikufukuza, mume wangu, tutajua la kufanya," alisema. "Ukijifukuza mwenyewe, hapo ndipo sijui."

Sikupata usingizi. Nilikuwa nikijiuliza kama mwandiko wa nne na wa saba inafanana mno.

Jumatatu, 10 Machi

Sikupanda mizani. Nilikosa ujasiri.

Saa tatu, karakanani. Mkurugenzi alifungua sanduku, akaanza kusoma. Gramu alipata saba: alimfundisha huyu, alimfichia yule aibu, alimpeleka mwingine hospitali. Kisha nikaanza mimi. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mteja mzee na mizani yake. Watu wakaguna kwa mshangao. Cha sita, cha saba! Tumelingana! Cha nane!

Hapo Mkurugenzi akakiinua kikaratasi kwenye mwanga. Akauliza kwa nini vikaratasi fulani vina matundu, na tena yote mahali pamoja. Akauliza hii MS/08 ni nini. Mhasibu, bila hata kusimama, akasema hapa kampuni nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kutoboa tundu karatasi ya kujisifu.

Walicheka wote isipokuwa Gramu. Alisimama akasema inatosha. Akasema yeye mwenyewe aliandika kikaratasi kimoja kuhusu Muhuri, kilimgharimu nusu saa na jasho, je, kiko wapi? Mkurugenzi akapekua. Hakipo. Basi Gramu akakieleza kwa mdomo. Mwaka jana, mizani ya muuza nafaka ilikuwa inapunja gramu ishirini kwa kila kilo. Yeye Gramu aliipima kwa kiganja akaapa kwamba ni nzima. Muuza nafaka alifoka, na Mkurugenzi mwenyewe alikuja mlangoni kuharakisha. Muhuri akakataa kuigongea muhuri, mara tatu, mpaka ikafunguliwa na springi iliyolegea ikaonekana. "Alitusumbua kweli," alisema Gramu. "Angekuwa mtu laini, tungekuwa wezi wa watu wanaonunua unga kwa robo kilo."

Mkurugenzi akakohoa, akasema kwa masikitiko kwamba habari hiyo ni nzuri kuliko zote, ila kanuni ni kanuni: kisichoandikwa hakikutokea. Na mtoa kanuni, akaongeza, tunamfahamu.

Kiliandikwa! Kilikuwa hapa, juu ya moyo wangu! Nilisimama. Nikatamka kwamba waraka upo, umekamilika, vipande vyote vinane. Nikakabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Mkurugenzi alisoma maandishi ya nje kabla ya kufungua ya ndani. Alisoma kwa sauti. Hadi dakika.

Kicheko kile kilitikisa mishale ya mizani zote. Mkurugenzi peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akitaka funguo zangu. Nikazitoa. Gramu, ambaye sasa ni Mlezi wa Misingi, akasema cheo atakipokea kwa sharti moja tu: hataandika neno, hivyo anahitaji karani, na karani awe Muhuri. Alisema mwizi anayejiandikia mwenyewe hati ya kukamatwa hawezi kuiibia kampuni hata pini. Mkurugenzi akanirudishia funguo. Miezi mitatu ya majaribio.

Msingi wa kwanza utapakwa rangi ukutani kesho: "Ukweli uandikwe, hata ukimuumiza mwandishi." Nimeombwa nihakiki nafasi kati ya herufi.

Jumanne, 11 Machi

Kilo 61 na gramu 900. Tunapanda.

Nimehamia chumba chenye dirisha. Dirisha liko nyuma ya kiti cha Gramu, kwa hiyo namwona yeye, na pembeni mwa sikio lake, mti kidogo. Mke wangu amecheka mpaka akaketi sakafuni. Mama mkwe kasema angalau chema kilijaribu kujiuza, ni mwenyewe aliyekichana. Kisha mke wangu akafuta machozi, akaniuliza kama nimepata funzo.

Nimelipata. Kosa langu lilikuwa tundu, na baada ya tundu, bahasha.

Kwa hiyo, baada ya miezi mitatu, nitapendekeza sanduku la pili: maoni ya wafanyakazi juu ya Mlezi wa Misingi. Kalamu tano. Hakuna kutoboa. Kiti kile kitaachwa wazi, na mtu wa kukikalia atakuwa jirani. Mpango huu nimeuandika kikamilifu, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora, nikaupa namba, MM/01, nikauweka kwenye jalada la kwanza la kabati jipya, mahali pasipopotea kitu.

Ufunguo wa kabati anao Gramu.