Masikio ya Bi Mwanasiti

Jumapili, 7 Septemba

Nimeingia fainali. Wa pili, lakini nimeingia. Wa kwanza, kama kawaida, ni Bi Mwanasiti.

Sisi mashabiki wa Zamu ya Sajini hukutana Jumamosi mchana, ghorofa ya pili ya mkahawa mmoja karibu na River Road, na kushindana kwa maswali. Mchezo wenyewe wa runinga ulionyeshwa mwaka 1986, Jumapili kumi na tatu, Sajini Mwakio akiwasaka wauaji wa mji huu. Hajatokea kachero kama yeye. Niliutazama wote nikiwa na miaka tisa, Dagoretti kwa mjomba, sakafuni, watoto kumi na saba mbele ya runinga moja. Jambo hilo huwa nalitaja kila wiki.

Jana Joyline, mwalimu anayetuuliza maswali, alitaka kujua Sajini alibisha milango mingapi katika sehemu ya nne. Mimi nilikuwa bado nakuna kichwa. Bi Mwanasiti akasema mitatu, na wa pili ulikuwa wa bati. Mtu anakumbukaje bati kwa miaka thelathini na tisa? Nilimtazama kama mtu anayetazama mlima.

Fainali ni Jumamosi ijayo. Zawadi ni kofia yenyewe ya Sajini, imetolewa na mjane wa mwigizaji. Kofia hiyo naitaka tangu darasa la tatu. Lazima mama huyu awe na udhaifu mahali fulani.

Jumanne, 9 Septemba

Saa ya chakula cha mchana nilitoroka ofisini, nikaenda dukani kwake Ngara. Anauza vifungo, zipu na uzi. Nilivaa miwani ya jua na kofia ya mvua. Alikuwa amenipa mgongo, anapima lesi.

Akasema bila kugeuka, "Karibu, Bwana Kitavi. Kiatu chako cha kushoto chaburura."

Nikavua miwani. Nikanunua vifungo sita nisivyovihitaji. Kisha, kwa ujanja, nikamuuliza tai ya Sajini ilikuwa ya mistari au ya madoa.

Akacheka. Akasema hajui, hajawahi kumwona Sajini. Hata mara moja. Alikuwa msichana Mombasa, na baba yake hakutaka runinga nyumbani. Jirani alikuwa nayo. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kila Jumapili aliweka cherehani yake pale ukutani, akashona polepole ili isipige kelele, na kusikiliza. Sehemu zote kumi na tatu kwa sikio.

Alinimiminia chai ya tangawizi. Karibu nione aibu.

Karibu. Kabla sijavuka barabara, mpango ulikuwa umekamilika.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Joyline. Nimemwambia siku hizi watu wanapenda vitu vya kisasa, na fainali bila picha ni kama mtihani wa shule. Pointi kumi na tano za maswali ya kawaida, kumi za picha. Onyesha picha, mtu ataje ni sehemu ya ngapi. Nilisema kwa sauti ya mtu asiye na haja yoyote.

Joyline akasema, "Hiyo ni poa, Mzee. Picha ninazo kwa laptop."

Nilimsimulia mke wangu. Kavutha alikuwa anachagua maharagwe. Aliniuliza kama hayo ya ukuta mama wa watu aliniambia mwenyewe, akinipa chai. Nikasema ndiyo, lakini huo ni mkakati. Akaniambia nihamishe mkakati wangu upande ule, namkingia mwanga.

Jumamosi, 13 Septemba

Maswali ya kawaida, kila mmoja akimnong'oneza Joyline jibu lake: yeye kumi na tano, mimi sita. Sikujali. Zikaja picha, zikimulikwa ukutani.

Ya kwanza, Sajini amesimama chini ya taa ya barabarani. Nikataja sehemu ya pili. Pointi. Bi Mwanasiti hakujibu. Alikuwa amesogea mbele ya kiti, mkono kifuani.

Akasema taratibu, "Kumbe alikuwa mwembamba hivi."

Akamwomba Joyline aiache picha kidogo. Joyline akaiacha. Ukumbi mzima uliacha kutazama ukutani ukamtazama yeye. Picha zote kumi zilikwenda hivyo. Hakujaribu kujibu hata moja. Alikuwa anaonana na mtu aliyemjua maisha yake yote. Mimi nilikuwa nikinong'ona namba, na kwa kila pointi niliyopata nilikwepa kumtazama. Nilikosa moja. Kumi na tano kwa kumi na tano.

Swali la mwisho. Sehemu ya kumi na tatu, ile ambayo kanda yake ilipotea zamani. Joyline alikuwa na maandishi yake mkononi, kutoka kwa mjane. Ghalani, taa inazimika, watu watatu gizani. Sajini alimjuaje muuaji?

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili nalificha chini ya godoro. Mwisho ule sikuuona. Taa ilipozimika nilifunika uso kwa fulana, nikaziba na masikio. Miaka thelathini na tisa nadanganya watu. Nikajibu kwamba Sajini aliona kisu kikimeta.

Joyline akatikisa kichwa.

Bi Mwanasiti akafumba macho. "Kwanza mvua juu ya mabati," alisema. "Kisha swichi, tak. Sajini hasemi kitu. Watu watatu wahema. Wawili wahema mbio mbio, wametishika. Mmoja ahema taratibu, kama aliyelala. Sajini amwendea huyo, amwambia: Wewe ulijua giza linakuja. Kisha pingu."

Nywele za shingoni zilinisimama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujua mwisho wa Zamu ya Sajini, na nimeupata kwa mtu niliyekwenda kumhujumu. Joyline alifunga karatasi tu. Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kupiga makofi. Kofia akaivaa juu ya mtandio wake. Ilimfaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Bi Mwanasiti amenipigia simu. Mwezi wa Novemba kuna mashindano ya wawili wawili, Nakuru. Anataka tuwe pamoja, yeye masikio, mimi macho. Nimekubali palepale. Nimemwapia Kavutha kwamba hila zimekwisha. Mwanamke kama huyo hahitaji kuchezewa, anahitaji kusikilizwa.

Baada ya chakula nimemwandikia Joyline ujumbe, kwa siri, kupendekeza kanuni ndogo ya Nakuru: nahodha wa kila jozi awe yule aliyeitazama Zamu ya Sajini yote, mwanzo hadi mwisho, kwa macho yake mwenyewe. Nimemkumbusha kwamba mtu kama huyo yupo.