Nirudishieni Sekunde Zangu Sitini

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Kutengeneza Magari Makubwa ya Kifahari,
Idara yoyote inayohusika na ukimya.

YAH: GARI LENU KUFIKA KABLA YA HABARI ZAKE

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kichwa cha barua kinajieleza, ila mimi bado sijajieleza, na mtu asiyejieleza hujibiwa kwa barua iliyokwisha kuchapwa. Mimi ni mfyatua matofali ya saruji. Nilianza na kalibu moja ya mbao na toroli lililokuwa likivutwa zaidi ya kusukumwa. Leo yadi yangu inatoa matofali elfu moja na mia nane kwa siku. Shule sikukaa sana, lakini kuhesabu nahesabu, hivyo malalamiko yangu nitayaleta kwa namba, ili kama ni kuyakataa, myakatae kwa namba.

Kwa miaka kumi na saba niliendesha pikapu ya dizeli ambayo watu waliiita Radi. Miezi minne iliyopita mke wangu akasema mtu wa hadhi yangu hawezi kuendelea kushuka kutoka kwenye kitu kinachokohoa. Nikaenda kwa muuzaji wenu, bwana mmoja wa tai na maneno laini, akanionyesha gari lenu refu la viti vya ngozi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme chini ya boneti moja. Haibridi, akasema. Nikamuuliza wawili hao wanaishije humo ndani. Akasema, "Wanapokezana, Mzee, wala hawagombani." Hapo ndipo ningetia shaka. Wake wenza wasiogombana kuna jambo wanalipanga. Akamalizia kwa kulipigapiga bodi begani kama farasi: "Ukiwa ndani ya hili, Mzee, husikiki kabisa." Nikadhani anasifia gari. Kumbe ananisomea hukumu.

LALAMIKO LA KWANZA: Gari halisemi kama limewaka.

Asubuhi ya kwanza nilibonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nilibonyeza mara kumi na nne, nikampigia muuzaji wenu. Akasema liliwaka niliposhika kitufe mara ya kwanza. Nikamuuliza, na mara ya pili? "Ya pili ulilizima, Mzee." Na ya kumi na nne? Akahesabu pole pole, akasema kwa hesabu hiyo sasa limezimika. Jirani alikuwa amesimama anatazama, mswaki mdomoni. Mtu aliyeanza na kalibu moja hashindwi kuwasha gari, Mheshimiwa. Hili nalisamehe. Ni dogo. Nimeliweka la kwanza ili mpate pa kuanzia kuomba radhi.

LALAMIKO LA PILI: Geti langu halifunguki.

Mimi sipigi honi kwenye geti langu. Honi ni ya mgeni. Mwenye nyumba hajitangazi, anajulikana. Radi ilikuwa ikisikika kuanzia kona ya fundi viatu, mita mia sita kutoka getini. Nilipima mwenyewe kwa futikamba, nikiikunja na kuikunjua mara mia moja na ishirini. Kwa mwendo wangu wa kilomita thelathini na sita kwa saa, mita mia sita ni sekunde sitini barabara. Katika sekunde hizo mlinzi aliinuka, akavaa kofia, akafungua geti, akasimama kama bendera. Nikaingia bila kugusa breki.

Gari lenu linasikika kutoka mita nne, na hizo ni tairi zikikanyaga kokoto. Mita nne ni sehemu nne za kumi za sekunde moja. Kwa muda huo hata paka hajashuka kitini. Basi nakaa nje ya geti langu kama karani wa sensa, nikimsikiliza mlinzi upande wa pili akimenya chungwa. Nimeshakaa hapo mara ishirini na sita, wastani wa dakika kumi na mbili. Jumla ni saa tano na dakika kumi na mbili za maisha yangu, kwenye ngozi laini kabisa, ninakiri, yenye kupoza mgongo.

LALAMIKO LA TATU: Nimesikia.

Hapa ndipo penyewe. Viti vyenu mmeviweka juu mno. Ndani ya Radi kichwa changu kilikuwa chini ya ukuta wa uzio. Ndani ya gari lenu kiko juu yake, usawa na dirisha la sebule yangu. Na kwa kuwa gari halinong'oni hata neno, kila kinachosemwa sebuleni kinanifikia kama taarifa ya habari.

Siku ya kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe. Nikashika koo. Koo limetulia. Sauti ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye msimamizi wa yadi yangu: "Nani kaacha taa inawaka chooni? Choo kinasoma?" Watoto wakaangua kicheko. Nikasema moyoni, shemeji ni shemeji, utani ni haki yake. Ndipo mama mkwe wangu akaingilia.

Naomba mwelewe. Mama mkwe wangu na mimi tuna miaka kumi na tisa ya heshima. Hajawahi kuniambia neno zaidi ya "Umerudi salama, baba?" akitazama sakafu, nami sijawahi kumjibu zaidi ya "Salama, mama," nikitazama dari. Mwanamke huyo nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili akisema: "Wee, humwezi. Unamharakisha. Huyu kwanza anapumua. Anapumua kama anashusha mfuko wa saruji." Akapumua. Mheshimiwa, ni mimi kabisa. "Halafu anatazama ukuta kama unamdai jibu. Ndiyo anasema: Mimi! Nilianza! Na kalibu moja!"

Nyumba ilitetemeka. Na mke wangu, niliyemnunulia amani kwa kuiacha Radi, akasema huku akikohoa kwa kicheko: "Mama, rudia ile ya kupima mkate."

Ni kweli kwamba niliwahi kupima mkate. Ulikuwa umepungua sentimita mbili.

Katika ukaaji wangu wa mara ishirini na sita nimeigizwa mara thelathini na moja. Muuzaji wenu alijigamba kuwa mmeshauza magari elfu arobaini ya namna hii. Zidisheni. Ni maigizo milioni moja laki mbili na elfu arobaini ya wenye nyumba walioketi nje ya mageti yao, na kampuni yenu haijatamka hata pole.

LALAMIKO LA NNE: Mnavunja nyumba za watu.

Tofali jipya humwagiliwa maji siku saba lisije likapasuka. Miaka yote, kila nikifika yadini, nilikuta matofali yamelowa, yanang'aa, na shemeji ameshika mpira wa maji kama zimamoto. Nikamsifu miaka kumi na saba. Juzi nimefika na gari lenu: matofali makavu kama biskuti, mpira umekunjwa, shemeji amelala kwenye mifuko ya saruji. Akafumbua jicho moja, akaniambia, "Ala, shemeji! Umekuja kwa miguu?"

Kumbe aliyekuwa akimwagilia matofali yangu ni Radi. Mlio ukisikika, maji yanafunguliwa. Mtasema sasa niwakamate. Nimewakamata. Wamemweka mtu juu ya rundo aangalie barabara, na huyo mtu ndiye alikuwa mmwagiliaji. Zamani lilikuwa likipasuka tofali moja katika arobaini, yaani arobaini na tano kwa siku. Sasa ni moja katika kumi na tano, yaani mia moja na ishirini. Ukuta wowote utakaoota ufa mtaani kwetu kuanzia sasa, ufa huo ni wenu.

Hapo hapo nikaona nyuma ya mlango wa stoo picha ya chaki: mtu wa vijiti, tumbo la kweli, ameshika utepe wa kupimia. Chini wameandika FUTIKAMBA. Nikamuuliza shemeji huyo ni nani. Akasema ni fundi mmoja aliacha kazi zamani. Tumbo lile silijui?

LALAMIKO LA TANO: Skrini inaniharibia jina.

Kila nikizima gari, skrini inachora jani la kijani na kuniandikia: "Hongera! Upole wako leo ni 96 kwa 100." Nani aliwaomba? Mtu anayesimamia mafundi ishirini na wawili hawezi kutembea na cheti cha upole. Mke wangu aliipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo. Asubuhi mpakia matofali akaniomba ruhusa ya siku mbili, nikakataa, akasema, "Basi hata moja, Mzee, kwa zile tisini na sita."

LALAMIKO LA SITA: Usaliti.

Siku tisa zilizopita nilikuwa kwenye nafasi yangu nje ya geti. Mama mkwe alikuwa anafanya ile ambayo sijawahi kuisikia: mimi nikimchumbia binti yake, nimekuja na sampuli ya tofali mfukoni ili kuthibitisha kazi yangu. Hiyo nayo ni kweli. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani ili nisikose mwisho. Ndipo gari lenu, ambalo halikuwahi kutoa mlio nilipouhitaji, likaona betri imepungua, likaiamsha injini ya petroli lenyewe bila kuniuliza: ngurrr!

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi nimeuendesha. Vichwa vitano vilitokea dirishani. Mama mkwe alikuwa bado ameshika tofali, ambalo kwa hakika lilikuwa redio. Akaiweka chini. Akasema, "Umerudi salama, baba?" akitazama sakafu.

Tangu siku hiyo sebule yangu haijacheka. Siku tisa. Wanazungumza kwa zamu, kama watu wanaomsubiri daktari wa meno. Nikiingia, watoto wanasimama. Sijui mlivyopanga, lakini gari hili limenyamaza nilipotaka likohoe, likakohoa nilipotaka linyamaze, na katikati hapo limekula kicheko cha nyumba nzima.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo yafuatayo:

(a) Mnifungie mlio wa Radi, pamoja na kikohozi chake cha gia ya pili, usikike mita mia sita bila kupungua.

(b) Muweke kitufe chenye ngazi tatu: Nyumbani, Yadini, na Kwa Wakwe.

(c) Mshushe kiti kwa sentimita thelathini na nane, kichwa changu kirudi chini ya ukuta kinapostahili.

(d) Skrini iandike "Leo umekuwa mkali kiasi."

Kila mtu apewe sekunde zake sitini. Wao wapate muda wa kuniheshimu, nami nisijue walikuwa wakifanya nini kabla. Nyumba nyingi zimesimama juu ya msingi huo, na misingi naijua.

Nisalimie wahandisi wote, hasa aliyebuni viti. Hana kosa, ana kipaji kibaya. Wasalimie waliogundisha ngozi, wapaka rangi, wafagia karakana, mkeo na watoto, na kwa namna ya pekee mama mkwe wako, ambaye nakushauri usimfikie bila kupiga hodi.

Wako katika kungoja majibu,

Mwenye Yadi ya Matofali

Nyongeza: Barua hii imechelewa kupostiwa, na mambo yamebadilika.

Nikiwa bado nainakili, fundi wa gereji alinifungia spika chini ya boneti yenye mlio wa Radi. Juzi nikaja nao kuanzia kona ya fundi viatu. Sekunde sitini kamili. Geti wazi, kofia ya mlinzi kichwani, televisheni imezimwa, watoto na vitabu, kimoja juu chini. Mama mkwe: "Umerudi salama, baba?" Mimi: "Salama, mama." Tukala. Nilisikia saa ya ukutani. Nikajaribu kupumua kama ninayeshusha mfuko wa saruji. Hakuna aliyecheka, ila mabega ya shemeji yalitikisika akasingizia pilipili. Sijawahi kula chakula kirefu kama kile. Kulipokucha nikaing'oa spika kwa mikono yangu.

Jana jioni nikaja kimya kimya, nikaegesha pangu. Barua hii nilikuwa nimeisahau mezani. Mtaona duara la kikombe cha chai ukurasa wa pili, si langu. Mama mkwe alikuwa anawasomea. Kwa sauti yangu, Mheshimiwa. Namba kwa namba. Alipofika kwenye mkate alipumua, na mimi huku nje nikapumua naye. Alipofika "tumbo lile silijui?" nilicheka mpaka paji la uso likaangukia usukani.

Honi yenu, niwape haki yenu, ni nzuri sana. Ililia muda mrefu. Ni mara ya kwanza kupiga honi kwenye geti langu tangu nilijenge.

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. Nilingoja atazame sakafu. Akanitazama mimi, karatasi mkononi, na sauti hakuibadilisha: "Umechelewa, Futikamba. Tumefika lalamiko la tano. Ingia, uniambie hapa kwenye jani unakunjaje uso."

Kwa hiyo (a), (b), (c) na (d) nayafuta. Naomba jambo moja tu: betri kubwa zaidi, inayoweza kukaa kimya nje ya geti kwa saa mbili bila kumwamsha yule wa petroli. Mama mkwe anaanza saa kumi na mbili kamili, na lile la kumchumbia binti yake ni refu.