Kivinjari Changu Kisiguswe

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Meneja ametuletea fundi mpya wa kompyuta, dada mwenye miwani na sauti ya upole. Watu wa sauti ya upole ndio wa kuogopwa. Ametangaza kwamba kuanzia Ijumaa kila kompyuta ya bohari yetu ya dawa itasasisha kivinjari chake yenyewe, bila kumwuliza mtu. Alipofika mezani kwangu akachungulia, halafu akauliza kwa adabu kama kivinjari hiki nilikirithi. Wakacheka wote. Hata Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi ya ghalani nilimwombea mimi!

Hawajui. Mfumo wetu wa kutolea dawa ni mkongwe, haufunguki ila kwenye kivinjari hiki kikuukuu. Namna ya kuubembeleza naijua mimi peke yangu: bofya mara mbili, kataa onyo la kwanza, kubali la pili, usipumue. Ukishafunguka, wengine hutumia. Ukigoma, wananiita. Ndiyo maana mimi ni Mkuu wa Kitengo. Kivinjari kikienda, nami nimekwenda.

Jumatano, 5 Machi

Nimeeneza habari kwamba masasisho hufuta picha za watu. Hofu tupu hadi saa ya chai. Fundi akapita meza kwa meza akisema ni uzushi, na kwamba kivinjari kilichopitwa na wakati ni mlango usio na komeo, mwizi anaingia apendavyo. Akaahidi pia mfumo mpya, rahisi, ambao mtu yeyote ataweza kuufungua.

Mtu yeyote. Chakula cha jioni hakikupita. Mke wangu akauliza nina nini, nikamwambia tumbo.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimegundua kwamba kompyuta ikidhani ni mwaka jana, masasisho yanagoma. Hayamwamini asiyejua tarehe. Nimewahi kazini kabla ya wafagizi, nikazirudisha nyuma mwaka mzima kompyuta zote mbili zenye mfumo wa dawa, yangu na ya Shemeji. Pale kwenye kona ya skrini panapoonyesha tarehe nimebandika karatasi: MALI YA KAMPUNI, USIBANDUE.

Shemeji akauliza karatasi ya nini. Nikamwambia ni amri kutoka juu. Akasema haya, shemeji, kama ni wewe umesema. Ni kijana mtiifu, hana maswali mengi.

Fundi amehangaika na hizo mbili asubuhi nzima, jasho likimtoka. Mwishowe akasema ataanza na idara nyingine, atarudi kwetu mwisho wa mwezi. Nimempa pole. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Muuguzi wa zahanati moja amepiga simu. Dawa za kifafa tulizompelekea zilikwisha muda miezi minane iliyopita. Mgonjwa wake mmoja, fundi viatu, alizimeza kwa imani yote, akapatwa na kifafa akaangukia jiko analochemshia gundi. Mkono wake wa kulia hautashika sindano tena.

Nilikaa. Mfumo hupima muda wa dawa kwa tarehe ya kompyuta. Iliyokwisha muda huwa nyekundu, nzima huwa kijani. Kwa mwaka jana, zile za kifafa zilikuwa kijani kibichi. Na mimi ndiye niliyemfundisha Shemeji kwamba kusoma maandishi ya kasha ni kupoteza muda, asome skrini.

Nimemngoja atoke kwenda kula, nikairudisha kompyuta yake kwenye tarehe ya kweli na kubandua karatasi. Haikupita dakika, kivinjari kikaanza kujisasisha. Mfumo haukufunguka tena humo. Sasa hakuna atakayejua skrini ile ilionyesha nini. Adui yangu ameniokoa.

Jumatatu, 24 Machi

Kikao. Meneja akauliza sahihi iliyo kwenye mzigo ni ya nani. Ya Shemeji. Shemeji akajitetea kwamba skrini ilikuwa kijani, akanigeukia, akasema mwulizeni shemeji yangu, yeye anaujua mfumo kuliko sisi sote. Wakaniuliza. Nikasema mfumo haujawahi kukosea. Alinitazama muda mrefu. Nikatazama dari.

Amefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Nyumbani mke wangu analia. Mke wa kaka yake ana ujauzito wa miezi saba. Ananiomba niende kwa Meneja nimsemee, mimi ni mkubwa pale, watanisikiliza. Nimesema nitaona. Nimeona aibu, hata kumtazama usoni siwezi. Lakini nikisema ukweli tutakuwa wawili tusio na kazi, na hilo litamsaidia nani?

Jumatano, 26 Machi

Mambo yamenyooka. Kwa kuwa mfumo sasa unafunguka kwangu tu, Meneja amenikabidhi na ghala. Fundi anakuja kesho na masasisho yake.

Nimejihoji kwa dhati, kiume, nilikosea wapi. Nimepaona. Kosa lilikuwa kurudisha tarehe nyuma. Leo nimeipeleka mbele, miaka mitano. Masasisho yanagoma vilevile, na hakuna dawa mbovu itakayopenya tena.

Skrini imekuwa nyekundu kutoka juu hadi chini. Sikujua tulikuwa tumezungukwa na hatari kiasi hiki! Nimetia sahihi mwenyewe, gari likapakia kila kitu kwenda kuchomwa. Meneja amenipa mkono kwa uangalifu wangu.

Jioni muuguzi amepiga tena, anauliza dawa nyingine za kifafa zitafika lini, wagonjwa wake wamejaa barazani. Nikamjibu kwamba atulie, ghala limesafishwa, hakuna hata kidonge kimoja kibovu. Akauliza vizima viko vingapi.

Nimekata simu. Kuna watu hawaridhiki.