Mheshimiwa Mtarajiwa wa Chepilat

Jumatatu, 2 Februari

Nimeamua. Nagombea uwakilishi wadi! Miaka kumi na tisa nimekuwa afisa wa jamii hapa Chepilat. Nimepatanisha wake wenza, nimerudisha watoto shuleni, nimelia katika matanga ambayo hata wafiwa hawakulia. Nani wa kunishinda? Kiptum? Kazi yake ni kukodisha hema na viti! Shida ni kwamba kila kiti kimeandikwa KIPTUM mgongoni, na hakuna mtu wadi hii ambaye hajakikalia. Vile viti vinaniudhi sana.

Jioni nilimwambia mume wangu, Kipyegon. Alikuwa anakamua. Aliuliza kama mheshimiwa anaweza kumshikia ndama. Nilishika.

Jumanne, 3 Februari

Kampeni imeanza. Nilienda kituo cha kununulia majani chai, wakulima wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao. Mpango: kusalimia, kutangaza nia, kuondoka na kura thelathini. Wa kwanza alinieleza habari za kijana wake aliyeacha shule. Wa pili alitaka barua ya kliniki. Nikatoa daftari. Kufikia saa sita nilikuwa na kesi mpya kumi na moja. Nia yangu niliikumbuka nikifungua lango la nyumbani.

Lakini kuna habari tamu. Alhamisi mkubwa wa chama anakuja uwanjani. Kila mwenye nia atapewa kipaza sauti dakika tano, na atakayempendeza ndiye atakuwa mratibu wa wadi, na tiketi ya chama humfuata mratibu. Zamu yangu ni saa saba, baada ya Kiptum. Watamsahau mara moja!

Nimeandika na barua ya kuacha kazi, nikampa mkuu wangu, Rodah. Hata hakuifungua. Aliitia kwenye droo, akauliza kama nimejitayarisha kwa kesi ya Elmina.

Jumatano, 4 Februari

Balaa! Kesi ya Elmina ni kesho hiyo hiyo.

Elmina ana miaka sabini na mbili. Analea mjukuu wake Velma, wa miaka minane, tangu mama wa mtoto afariki. Sasa Nyagaka, mwana wa Elmina mwenyewe, ameiomba korti ya Sotik impe Velma akaishi naye Londiani. Si mtu mbaya. Anasema tu kwamba mama yake amezeeka. Hakimu naye alisema wazi: afisa wa jamii asipofika, mtoto aende na mjomba mpaka kikao kijacho, Juni.

Nimemsihi Rodah aende badala yangu. Ana mkutano Kericho. Nimemwomba Kipyegon apeleke ripoti tu. Ameuliza hakimu akitaka kujua mambo ya mtoto, ajibu nini, yeye anayejua ng'ombe? Na kweli. Velma alipofiwa alinyamaza miezi minne. Neno la kwanza alimwambia nyanya yake wakichuma chai. Alimwambia apumzike. Nilikuwepo, na kwenye ripoti sikuliandika.

Mpango mpya: korti saa tatu, bodaboda saa tano, uwanjani saa saba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alhamisi, 5 Februari

Saa tatu hatukuitwa. Saa tano hatukuitwa. Saa sita u nusu katibu wa chama alipiga simu: mkubwa ameketi, Kiptum ameshaanza kusafisha koo. Nikainuka. Velma alikuwa ameshika pindo la sweta yangu. Si kwa nguvu. Nikaketi tena, nikajiambia hii pia ni siasa: Elmina ana kura, majirani zake wana kura, sifa husambaa.

Tuliitwa saa nane. Ripoti sikuisoma. Nilisimulia ile miezi minne na lile neno la shambani. Hakimu akamuuliza Nyagaka kama alikuwa anajua. Nyagaka akainamisha kichwa. Alisema hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Akasema basi mtoto abaki kwa nyanya, yeye atakuwa anakuja na viazi, na hakimu akaandika hivyo. Elmina alinikumbatia akalilowesha bega langu lote. Nami nililia, sioni haya kuandika. Nampenda huyu mama.

Kisha, kwa kuwa mimi ni mwanasiasa halali, nikamwomba kura. Akanishika mkono kwa huruma. Alisema, Mama Chemutai, ningekupa hata mbili, lakini mimi hupigia kura kule nilikoolewa, ng'ambo ya barabara.

Barabara yetu ndiyo mpaka. Upande huu ni kaunti ya Bomet. Ng'ambo ni kaunti ya Nyamira!

Ijumaa, 6 Februari

Nimepiga simu mchana kutwa. Daftari langu lina watu sitini na watatu. Hamsini na wanane wanapigia kura ng'ambo. Wanne hawajatimiza miaka kumi na minane. Aliyebaki ni Kiptum, kwa sababu mwaka juzi nilimpatanisha na mkewe.

Miaka kumi na tisa na sikuwahi kuuliza! Lakini mtoto mwenye njaa, utaanzaje kumuuliza mama yake anapigia kura wapi?

Kiptum ndiye mratibu. Amenitumia ujumbe akinipongeza kwa ajili ya Velma. Hata uadui hajui.

Rodah amenirudishia barua. Anasema ni ya tatu tangu 2017.

Jumamosi, 7 Februari

Asubuhi niliamka nikakuta watu uani. Elmina na mkungu wa ndizi. Mzee Okemwa kutoka ng'ambo na kuku. Wakulima wa foleni ya majani chai na mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Wa Bomet na wa Nyamira, wanakunywa chai kwa vikombe vyangu. Velma alizunguka akiwagawia sukari, akiongea bila kunyamaza. Nililazimika kuingia jikoni nijipanguse macho.

Walipoondoka, Kipyegon aliuliza, kwa upole wake, kama sasa siasa imenitoka. Nikamwambia nilikuwa nawaza jambo hilo hilo. Uwakilishi wadi, wa ng'ambo hawawezi kunipigia. Ubunge, hawawezi. Useneta, hawawezi. Ugavana, hawawezi. Kosa langu nimeliona: nilianzia chini mno. Katika nchi hii kuna kiti kimoja tu ambacho watu wangu wote, wa huku na wa kule, wanaweza kunipigia kura siku moja.

Nimemwambia Kipyegon akae kwanza, ndipo nikamtajia. Urais.